Chokaa Haikimbizwi

Kwetu Nyansurura nimekulia katika nyumba za kukandika. Nguzo zikisimamishwa na fito zikafungwa, vijana tulikanyaga udongo kwa miguu, kisha mama zetu wakaja kusiriba kwa udongo uliochanganywa na mavi ya ng'ombe, viganja vyao vikiacha michoro ya nusu duara ukutani. Ndiyo maana nilipoketi barazani Mji Mkongwe, Zanzibar, kumtazama fundi akitibu ukuta wa nyumba ya ghorofa, macho yangu yalitafuta kwanza alama za mikono.

Nyumba yenyewe imebanana na jirani zake kushoto na kulia, kama zilivyo nyingi za mtaa ule. Kuta zake ni nene, za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Ndani vyumba ni virefu na vyembamba, na aliyevipima ni mkoko: boriti haiwezi kubeba dari ya mawe na chokaa ikiwa kuta zimeachana zaidi ya mita 3 hivi.

Fundi alianza kwa kusikiliza. Aligonga lipu kwa mpini wa nyundo, hatua kwa hatua, sikio karibu na ukuta. Penye sauti nzito alipita. Penye mlio wa mtungi mtupu alitia alama ya mkaa. Lipu ile mbovu ilikuwa ya saruji, kazi ya miaka ya karibuni. Matumbawe hunywa unyevu na kuutoa. Saruji huuziba ndani, chumvi ikatuna chini yake, jiwe likageuka unga. Alinionyesha unga huo kiganjani bila kumlaumu mtu. Tangu sehemu ya Beit el Ajaib, jumba la mwaka 1883 hapohapo Mji Mkongwe, iporomoke Desemba 2020, mimi siwezi tena kuona unga wa namna hiyo kama jambo dogo.

Aliibandua saruji kwa patasi nyembamba, akiielekeza pembeni ili isichimbe jiwe. Akafagia viungo, akanyunyiza maji, akangoja ukuta unywe, akanyunyiza tena. Ukuta mkavu, alisema, utaifyonza chokaa kabla haijashika.

Chokaa ilikuwa shimoni, imefunikwa maji. Ni matumbawe yaliyochomwa, kisha yakazimwa kwa maji na kuachwa wiki nyingi. Alipoichota ilitetemeka kwenye mwiko kama maziwa ya mgando. Kijana wake aliichanganya na mchanga kwa koleo, akaigeuza, akaiponda, akaigeuza tena. Mara tatu alileta karai, mara tatu fundi akalirudisha kwa kutikisa kichwa tu. La nne alilipokea.

Hapo nilisahau chai yangu. Alirusha chokaa kwa mkupuo mfupi wa kifundo cha mkono, ikaingia hadi ndani ya kiungo. Palipokuwa na pengo kubwa alichagua kijiwe, akakigeuza vidoleni mpaka upande wake ukakubali, akakisukuma. Hakuna pengo alilolijaza kwa chokaa tupu. Tabaka la kwanza likiwa bado bichi alilikwaruza kwa msumari ili la pili lipate pa kushika, akatundika magunia yaliyoloweshwa kuzuia jua.

“Shikamoo babu, la pili lini?” nilimuuliza.

“Marahaba mwanangu. Likitaka.”

Lilitaka baada ya siku tano. Alilijaribu lile la kwanza kwa ukucha kila asubuhi. La mwisho lilikuwa jembamba, akalisugua kwa kibao kwa mizunguko midogo hadi likang'aa kidogo.

Karibu na fremu ya mlango alisimama. Kipande cha lipu ya kale kilikuwa bado kizima, na juu yake mistari minne ya vidole vya mtu aliyekilainisha kwa mkono. Alikigonga, akasikiliza. Akapitisha chokaa mpya pembeni yake, akakiacha.