Chemchemi ya Chemka: Maji ya Nani?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeyateremsha maji kutoka mawinguni, akayapitisha chini ya ardhi hata yakatoka kuwa chemchemi. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ama baad. Ndugu msomaji, huko Rundugai, wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, pana mahali paitwapo Chemka. Ukitoka Boma Ng'ombe unapita nchi kavu ya vumbi na miiba, mara unakuta miti mikubwa, na penye mizizi yake ziwa dogo la maji ya buluu, maangavu, lenye visamaki vinavyodona miguu ya waogaji. Jina lina chuku kidogo, kwani maji hayachemki. Ni ya uvuguvugu tu. Yamepita katika miamba ya volkano na kuchukua madini yake. Kisha huingia mto Kikuletwa, bwawa la Nyumba ya Mungu na mto Pangani, mpaka baharini.

Wenyeji ndio walinzi wa mahali hapo, nao hutoza kiingilio. Basi huulizwa: Je, si vibaya kuuza neema ya Mungu? Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Na kisima cha Ruma kule Madina kilikuwa na mwenyewe akiuza maji yake, mpaka Sayyidna Uthman bin Affan (R.A.) akakinunua kwa mali yake na kukifanya wakfu.

Jawabu langu ni kutenganisha mambo mawili. Mwenye kiu na mnyama wake hawazuiliwi maji. Lakini ajaye kustarehe, akataka mlinzi na mahali palipofagiwa, huyo analipia jasho la watu, halipii maji. Kiingilio si kosa. Kosa huanza pale fedha ya wengi inapogeuka siri ya wachache. Mali ya kijiji ina hukumu ya amana: msimamizi si mwenyewe, na hesabu haina budi kusomwa hadharani. Wala siwatuhumu watu wa Rundugai. Nasema kwa kuwa sisi wenyewe, watu wa misikiti, mara ngapi tumeshindwa kusoma hesabu ya nyumba moja tu ya wakfu!

Lawama yangu kubwa ni kwetu sisi wageni. Kuogelea si uhuni, imepokewa kwamba Sayyidna Umar (R.A.) alihimiza watoto wafundishwe. Uhuni ni kuingia na chupa ya ulevi, kuacha takataka, kujipaka sabuni ndani ya maji ya watu, na kutupa haya pamoja na nguo. Na tusiwasahau mabinti zetu. Tukisema tu kwamba hapo hapawafai, tumewanyima neema waliyoumbiwa wao pia. Chemchemi yoyote ya jamii ingeweza kuwatengea wanawake saa zao, na hilo halimgharimu mtu kitu ila nia.

Ewe uogaye, kumbuka kuwa maji hayo yana safari ndefu. Unachokiacha juu kitamkuta mwenzako chini, mvuvi wa Nyumba ya Mungu au mkulima wa Pangani, asiyekujua wala hukumjua. Siku ya Kiyama mtajuana.

Wabillahi tawfiq.