Nani Kashona Shati la Mhusika Wako?

Nianze kwa kuungama, maana mhakiki asiyejisema mwenyewe ni mnoko tu.

Hadithi yangu ya kwanza kuisoma mbele ya watu ilihusu binti wa hapa Bonga. Anapanda basi kwenda Arusha, anapata kazi kiwanda cha nguo. Ukurasa wa tatu kashapachikwa mimba na bosi. Ukurasa wa tano anateremka hapa barabara ya Kondoa na mfuko wa rambo mkononi, analia. Washkaji walipiga makofi. Nikavimba kichwa.

Kwa kiherehere nikampelekea shangazi yangu. Yeye ni fundi, ana cherehani yake barazani, na kabla ya hapo aliwahi kufanya kazi kiwandani huko huko Arusha. Nikamwamkia, nikasoma. Mguu wake haukuacha kukanyaga pedeli. Nilipomaliza akauliza: "Huyo binti yako kule kiwandani alikuwa anashona nini?"

Nikajibu, "Nguo, shangazi."

Akacheka mpaka uzi ukakatika. "Nguo! Mwanangu, mimi nilikaa miaka minne nashona mifuko. Mifuko tu. Shati zima sikuwahi kulishona mpaka niliporudi hapa."

Ndugu msomaji, sijapata kuhakikiwa vizuri kuliko siku ile. Kwa swali moja hadithi yangu yote ikafumuka.

Nimerudi kuzisoma hadithi zetu sisi chipukizi kwa jicho hilo. Msichana anayekwenda mjini kutafuta riziki ana milango mitatu tu: ukahaba, uhausigeli au jeneza. Akiingia kiwandani, kiwanda ni pazia la nyuma, kama zile picha za ufukwe kwenye studio za kupigia picha. Hatuoni mikono yake ikifanya kitu. Tunaona matiti yake, machozi yake na majuto yake. Halafu tunasema tumesawiri "hali halisi ya mwanamke". Hali halisi gani hiyo, bila saa za kazi, bila msimamizi, bila siku ya mshahara?

Tusisingizie kwamba Kiswahili hakina mfano. Shafi Adam Shafi alituandikia "Kuli" mwaka 1979. Pale mzigo wa bandarini una uzito, na mgomo wa makuli wa Zanzibar wa 1948 unatoka ndani ya kazi yenyewe, haukupachikwa kama nembo. Rashidi haamki kwa sababu mwandishi kamwamsha, anaamka kwa sababu kazi imemfundisha. Kuli basi tunaye. Mshonaji wetu yuko wapi? Mimi riwaya yake sijakutana nayo.

Na si kwamba visa havipo. Vipo, na vinatisha.

Kampala, 2003. Serikali ya Uganda ilikusanya wasichana kutoka wilaya mbalimbali, wakapelekwa Bugolobi, kiwanda cha Tri-Star, kushona nguo za kuuza Marekani bila ushuru chini ya sheria ya AGOA iliyopitishwa mwaka 2000. Walilazwa bwenini. Mwezi Oktoba waligoma, wakilalamikia saa ndefu za kazi na kutukanwa. Zaidi ya 200 walifukuzwa. Rais Museveni mwenyewe alisema hadharani kwamba uamuzi ni wake, kwani wangewatisha wawekezaji. Watu wakawabatiza "wasichana wa AGOA", yaani wakapewa jina la sheria ya nchi nyingine. Mwandishi gani angebuni jina chungu kuliko hilo?

New York, 1911. Kiwanda cha blauzi cha Triangle kinashika moto tarehe 25 Machi. Mlango mmoja umefungwa kwa ufunguo. Watu 146 wanakufa, wengi wao wasichana wahamiaji, Wayahudi na Waitaliano. Wasichana kama hao walikuwa wamekwisha kugoma mwaka 1909, zaidi ya 20,000, baada ya mshonaji kijana, Clara Lemlich, kuchoshwa na hotuba ndefu za wakubwa, akaomba jukwaa na kusema kwa Kiyidishi, lugha ya nyumbani kwao. Hakungoja kujua Kiingereza cha vitabuni ndipo aseme. Sisi tunaoandika Kiswahili tuna la kujifunza hapo.

Utaniuliza, New York na Bonga wapi na wapi? Rudi nyuma. Karne ya 19 kitambaa kilichotembea na misafara kutoka Zanzibar hadi Tabora na Ujiji kikitumika kama pesa kiliitwa merikani. Kilitoka viwanda vya Massachusetts. Viwanda vya huko viliendeshwa sana kwa mikono ya mabinti wa mashambani na baadaye wahamiaji, kwa pamba iliyolimwa na watumwa. Mabinti wa mji wa Lowell waligoma 1834, wakagoma tena 1836. Jina la nchi yao likabaki kwenye nguo yetu, yao hayakubaki popote.

Sisi nasi tukajenga vyetu. Urafiki pale Ubungo, 1968, kwa msaada wa China. Mwatex Mwanza, Mutex Musoma, Kiltex Arusha. Miaka ya 1980 mwishoni na 1990 mashine zimechakaa, soko limefunguliwa, marobota ya mitumba yanashuka, viwanda vinakwama kimoja baada ya kingine. Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki walikubaliana mitumba iondoke ifikapo 2019. Marekani ikatikisa AGOA, wengi wakalegea. Rwanda ilikomaa, na Julai 2018 nguo zake zikanyimwa msamaha wa ushuru. Kumbe shati la mtumba unalonunua mnadani lina siasa nzito kuliko shairi lako la mapinduzi.

Najua kuna mshikaji atasema fasihi si ripoti ya chama cha wafanyakazi, fani kwanza. Sawa, tuongee fani. Mtu aliyeshona mfuko miaka minne bila kuona shati, hiyo si takwimu, hiyo ni taswira. Mlango uliofungwa kwa ufunguo ni mgogoro uliokamilika. Mhusika wangu alikuwa bapa kwa sababu sikujua anafanya nini kuanzia asubuhi mpaka jioni. Uvivu wangu wa kuuliza ndio ulioharibu fani.

Na kuna jambo linaloniuma zaidi. Ile hadithi watu waliipenda. Shangazi alirudi Bonga na cherehani aliyoinunua kwa jasho lake, mimi nikamrudisha na mfuko wa rambo. Mbele ya watu wanaomjua, nilimwibia miaka minne na ufundi wake, nikamwachia aibu.

Hadithi nimeichana. Siku hizi nakaa barazani pale, nafungua vifungo vya mashati ya zamani na kuuliza maswali ya kijinga. Juzi ameniambia jina la kila aliyekaa mstari wake, kutoka kola mpaka pindo. Ananitajia mmoja mmoja, kisha ananiuliza kama nimeandika.