Nati Mbili za Mbele

Pikipiki ya Boxer inayovuja moshi huacha masizi mahali palepale: kwenye mapezi ya hedi, jirani na pale shingo ya ekzosi inapoungana na injini. Fundi wa Mchukwi huanzia hapo kabla hajagusa spana. Anapitisha kidole, anakitazama, kisha anamwambia mwenye pikipiki apige kiki, injini ikiwa ya baridi. Fundi mwenyewe anachutama nyuma na kuziba mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kinene. Bomba zima lingebana pumzi na injini ingetaka kuzima. Hili linapumulia mbele, tu-tu-tu, na injini haina habari kama imezibwa.

Anazima. Anageuza spana na kugonga tumbo la ekzosi kwa mpini, kuanzia mbele kwenda nyuma. Chuma kinalia, kinalia, halafu kufika chini kabisa sauti inakufa. Kwa nje rangi bado inang'aa.

Ekzosi za huku huliwa pande zote mbili. Nje kuna tope la barabara za delta, na pikipiki zinazoshusha abiria Nyamisati, kwenye boti za kwenda kisiwa cha Mafia, zinarudi na chumvi pia. Ndani kuna adui ambaye wengi hawamfikirii, nayo ni maji. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa mvuke ambao ukipoa ni karibu lita nzima ya maji. Safari ndefu huchemsha bomba na kuutoa mvuke wote. Lakini bodaboda anayepeleka mtu hapo mbele, akazima, akasubiri, akawasha tena, halipi bomba lake nafasi ya kukauka. Maji yanatuama tumboni pamoja na masizi, yanakuwa makali, yanatafuna. Ndiyo maana fundi akipewa ekzosi mpya hutafuta kwanza kile kitundu kidogo cha chini cha kutolea maji. Kikiwa kimezibwa na rangi anakizibua kwa waya.

"Fundi, nina mgonjwa wa kumtoa hospitali saa sita," anasema kijana mwenye pikipiki. Hospitali ya misheni haiko mbali.

"Sasa hivi umeipiga kiki, mdogo wangu. Kaa kwanza ipoe."

Kusubiri huku ni sehemu ya kazi. Hedi ni ya aluminiamu na stadi mbili zinazoshika shingo ni za chuma. Aluminiamu ni laini, na ikiwa ya moto nyuzi zake hung'oka upesi. Stadi iliyoshikwa na kutu, ikilazimishwa, hukatika ndani ya hedi, na kazi ya asubuhi moja inageuka kuwa ya kushusha hedi, kuipiga drili na kuitengenezea nyuzi upya. Basi anachanganya dizeli na oili kidogo kwenye kifuniko cha chupa, anachovya mswaki wa zamani, anapaka nati zote mbili na kuziacha. Anarudi, anapaka tena.

Anapoanza kufungua hafungui moja kwa moja. Boksi spana inaingia, anaisogeza mpaka nati ilegee kidogo sana, kisha anairudisha ilikotoka. Anailegeza zaidi, anairudisha. Kila mara kutu inasagika na dizeli inazama. Mkono mwingine umeshika kichwa cha spana kisiyumbe. Nati ya kulia inatoka na unga mwekundu. Ya kushoto inasumbua, naye haongezi nguvu. Anaongeza dizeli.

Shingo ikishatoka, anainama na kuchungulia tundu la hedi. Gasketi ya zamani, pete nyembamba ya chuma laini, imebaki mle ndani, nyeusi, imegandamana kiasi cha kufanana na hedi yenyewe. Anaitoa kwa kulabu ya waya wa spoku aliyoitengeneza mwenyewe, akivuta upande huu na upande huu ili asikwaruze ukingo. Wapo wanaoiacha na kupachika mpya juu yake. Pikipiki hukaa kimya siku chache, halafu pete mbili zinacheza na moshi unarudi.

Ekzosi mpya imetoka Kariakoo. Si ya Bajaj wenyewe. Ni ya kampuni nyingine iliyoiga ya Boxer 150, na kuiga huko kunakosea kidogo. Fundi anapachika gasketi mpya, anaizuia kwa tone la grisi isianguke, anaingiza shingo, anavalisha nati kwa vidole tu. Kisha anatazama nyuma, kwenye bolti inayoshika ekzosi karibu na pa kukanyagia abiria. Tundu la sikio la ekzosi halilingani na tundu la fremu. Limepitiliza chini, upana wa njiti ya kiberiti labda.

Ukiinua bomba kwa goti, bolti itaingia. Nimeona ikifanywa hivyo mara nyingi, na pikipiki inaondoka vizuri tu. Ila bomba hilo linaondoka limepinda kwa nguvu, na injini ya silinda moja hutikisa bila kupumzika. Baada ya muda sikio linapasuka, au uchomeleaji wa shingo, au stadi. Mpasuko unalaumiwa kwa ubovu wa ekzosi.

Huyu anavua kila kitu. Anaweka sikio juu ya kipande cha gogo, anachukua tupa ya mviringo na kulirefusha tundu kuelekea upande mmoja, mpaka linakuwa na umbo la yai. Anapima. Anarudi kwenye tupa. Anapima tena, na sasa bolti inapita kwa kusukumwa na kidole, bomba likining'inia lenyewe. Pengo dogo kati ya sikio na fremu analijaza kwa washa, asije akalivuta kwa bolti.

Ndipo anakaza. Nati za mbele kwanza, nusu mzunguko huku, nusu mzunguko kule, akisimama kutazama kama flenji inasogea sawa pande zote. Ya nyuma inafuata mwisho. Kabla ya kuwasha anafuta bomba zima kwa kitambaa chenye petroli, maana alama za vidole zenye mafuta, chuma kikipata moto mara ya kwanza, huungulia pale na hazitoki.

Kule Marekani mwenye Harley-Davidson hubadili ekzosi kwa ajili ya mlio. Silinda mbili za pikipiki hiyo zimeachana kwa nyuzi 45 na kuwaka kwa kupishana kusiko sawa, na mwaka 1994 kampuni iliomba mlio huo usajiliwe kama alama ya biashara. Ombi likaachwa mwaka 2000. Vijana wa Kibiti nao wapo wanaotaka kelele na huomba vizuizi vya ndani vitobolewe. Fundi huyu hukataa, na sababu anayoitoa ni ya plagi. Moshi ukitoka bila kizuizi, mchanganyiko wa kabureta huweza kupungukiwa petroli, na injini huchemka.

Hata kwa ekzosi hii ya kawaida hataki kubahatisha. Kijana anaambiwa aende Kibiti na kurudi. Akirudi, plagi inatolewa na kutazamwa juani. Nyeupe ingemaanisha petroli haitoshi, nyeusi yenye masizi imezidi. Hii ni ya kahawia, rangi ya ganda la korosho kavu, ila upande mmoja umepauka. Anageuza skrubu ya hewa kidogo, anasikiliza, anairudisha nusu ya alivyoigeuza.

Anarudisha plagi na kungoja tena. Gasketi mpya ikishapata moto hujikandamiza, na nati zilizokuwa zimekaza hubaki na ulegevu ambao jicho halioni. Injini inapopoa, boksi spana inarudi mbele. Nati ya kulia inakubali kusogea. Ya kushoto inakubali. Anairudia ya kulia, haisogei tena.

"Haya, kamchukue mgonjwa wako."