Nani Anamlilia Nani? Mbwa na Msiba katika Picha za Landseer, Hockney na Freud

Picha za mbwa wapendwa huandamwa na shutuma moja ya muda mrefu, kwamba zinamvuta mtazamaji kwa huruma rahisi. Makala haya yanakubali kwamba shutuma hiyo ina msingi, lakini yanadai kwamba imelenga mahali pasipostahili. Upendo wa mchoraji kwa mbwa si kasoro ya kisanaa. Kasoro huingia pale mbwa anapobebeshwa, ndani ya picha, kazi ambayo ni ya binadamu. Dai hili linajadiliwa kwa kulinganisha kazi za wachoraji watatu wa Uingereza: Edwin Landseer, David Hockney na Lucian Freud. Kazi zote hizo zinahusu mbwa na msiba. Swali linaloongoza uhakiki huu ni: katika kila kazi, nani anamlilia nani?

Mwaka 1837 Landseer alichora picha aliyoiita The Old Shepherd's Chief Mourner, yaani mfiwa mkuu wa mchunga kondoo mzee. Picha hiyo imehifadhiwa katika Makumbusho ya Victoria and Albert, London. Ndani ya chumba cha kimaskini, mbwa ameegemeza kidevu chake juu ya jeneza lililofunikwa blanketi. Fimbo na kofia ya marehemu viko sakafuni. Biblia na miwani yake viko kando. Hakuna binadamu yeyote. John Ruskin, katika juzuu la kwanza la Modern Painters (1843), aliisifu sana picha hii, akionyesha jinsi kifua cha mbwa kilivyogandamana na mbao na jinsi miguu yake ilivyolivuta blanketi. Kwa Ruskin, ustadi wa mkono ulikuwa umegeuka kuwa fikra.

Sifa hizo ni za haki. Uzito wa kichwa kile juu ya jeneza unasadikika, na ukimya wa chumba hauhitaji maelezo. Hata hivyo, Ruskin hakuuliza picha inamtaka mbwa awe nani. Vitu vilivyotawanyika chumbani vinatueleza mengi kuhusu marehemu: kazi yake, imani yake, uzee wake. Kuhusu mbwa tunaelezwa jambo moja tu, kwamba ni mwaminifu. Hana jina wala tabia nje ya huzuni hiyo. Aidha, kwa kuwa wanadamu wameondolewa chumbani, mbwa anaomboleza kwa niaba yetu. Tunaguswa na uaminifu wake, lakini tunachokitamani hasa ni kwamba nasi siku moja tuliliwe hivyo. Hapa ndipo shutuma ya huruma rahisi inapopata mashiko: mbwa amefanywa shahidi wa thamani ya binadamu.

Mfululizo wa Hockney uitwao Dog Days unaugeuza uhusiano huo. Mwaka 1995, nyumbani kwake Los Angeles, Hockney alichora kwa rangi za mafuta picha nyingi za mbwa wake wawili, Stanley na Boodgie, mbwa wadogo wenye kiwiliwili kirefu na miguu mifupi. Mwaka uliotangulia alikuwa amefiwa na rafiki yake wa miaka mingi, Henry Geldzahler, ambaye alikuwa amemchora mara kadhaa, na yeye mwenyewe amezihusisha picha hizi na msiba huo. Mbwa hawakai wachorwe. Mlango ukigongwa, huondoka. Kwa sababu hiyo Hockney alitawanya turubai na rangi nyumbani mwote zikiwa tayari, na akazishusha chini ili achore akiwa katika usawa wa macho yao.

Matokeo yake ni kwamba mbwa hawa hawamlilii yeyote. Wanalala. Wamejikunja juu ya mito, migongo imegusana, na mara nyingi macho yamefumbwa. Mwenye msiba ni mchoraji, naye yuko nje ya picha. Sarufi ya Kiswahili inatusaidia kulitaja jambo hili kwa usahihi. Mbwa hupewa upatanisho ule ule wa mtu: amelala, ameamka, ameondoka. Lakini katika umilikishi husemwa rafiki yangu na ndugu yangu, ilhali husemwa mbwa wangu. Ni mtendaji kamili asiyehesabiwa miongoni mwa jamaa. Landseer aliufuta mpaka huo. Hockney, ingawa aliwaita mbwa wake marafiki, aliuheshimu kwa mkono wake. Upendo wake unaonekana katika kazi ya kutazama, bila mbwa kudaiwa ishara yoyote ya kuurudisha. Ni kweli kwamba si kila picha katika mfululizo huu ina nguvu sawa. Katika baadhi yake, rangi za mito zinawashinda mbwa wenyewe na kuwageuza pambo.

Freud anakamilisha mzunguko huu. Pluto, mbwa wake mwembamba wa jamii ya wakimbiaji, alionekana katika kazi zake kwa miaka mingi, na alipokufa Freud alichora Pluto's Grave (2003). Katika picha hiyo hakuna mbwa. Kuna kipande cha ardhi ya bustani, kilichochorwa kwa uangalifu ule ule ambao Freud aliutumia kuchora ngozi ya mwili. Hapa binadamu anamlilia mbwa, na hamtumii mbwa kulisema hilo.

Kwa hiyo, makala haya yanapendekeza kigezo tofauti cha kuhakiki picha za aina hii. Badala ya kupima kiasi cha hisia kilichomo, mhakiki aulize ni nani amebebeshwa hisia hizo. Picha ya Landseer itaendelea kugusa nyoyo, na hakuna haja ya kuikana. Lakini anayetaka kujua mbwa fulani alikuwaje, siku fulani, juu ya mto fulani, atalipata jibu kwa mchoraji aliyekubali kuinama na kumwacha alale.