Sauti Zilizokaa Nyuma

Foleni ya Barabara ya Nyerere ilitukamata pale Banana, tukirudi Gongo la Mboto kutoka msibani. Kijana wa usharika aliyekaa nami akanipa upande mmoja wa eafoni. "Mchungaji, sikia na hii." Ilikuwa Maisha, albamu ya The Zawose Queens iliyotoka mwaka 2024. Nilitegemea muziki wa kuchezea watalii hotelini. Tulipofika kituoni nilikuwa bado sijamrudishia eafoni yake.

Wasomaji wenye umri wangu wanamkumbuka Hukwe Zawose, Mgogo aliyeitwa mjini na Mwalimu Nyerere, akafundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, akaipeleka ilimba na zeze kwenye majukwaa ya Ulaya hadi alipofariki mwaka 2003. Pendo ni binti yake, Leah ni mjukuu. Kwa miaka mingi wanawake wa ukoo ule walikuwa wa kuitikia na kucheza. Aliyesimama mbele alikuwa mwanamume. Katika albamu hii nyimbo ni zao na wanaoongoza ni wao.

Uzuri wake uko kwenye sauti. Moja inatangulia, nyingine inaikuta kwa juu, zinasuguana kidogo halafu zinapatana. Mwalimu wa kwaya angesema hapo pamepishana. Mimi nasema pamejaa. Sehemu kubwa walirekodi nje, Bagamoyo, na unasikia kwamba hakuna ukuta unaowabana. Wimbo uitwao Muheme una jina la ngoma inayopigwa na wanawake wa Kigogo, nao nimeurudia mara nyingi kuliko inavyofaa kwa mtu mwenye mahubiri ya kuandaa. Watayarishaji, ambao ni Waingereza, wameongeza mitambo ya kielektroniki, mara nyingi kwa adabu. Pale mitambo inapopanda juu naona inakuwa kama mgeni anayemsaidia mwenyeji kuongea.

Mengi yameimbwa Kigogo, nami ni Mhaya, sielewi. Lakini hilo lisitutishe sisi Walutheri. Mchungaji Bernard Kyamanywa wa kwetu Bukoba aliandika "Mfurahini, Haleluya" mwaka 1966 kwa mahadhi ya kienyeji, na leo Wajerumani wanauimba Pasaka bila kuujua Uhaya. Nilipokuwa Makumira tulijivunia sana wimbo ule. Sikumbuki hata mmoja wetu akiuliza kama wapo mama zetu waliotunga nyimbo, na nani aliziandika.

Niliulizwa hapa usharikani, nikajibu vibaya. Miaka mitatu iliyopita mama mmoja wa kwaya, muuza mihogo sokoni, alinifuata baada ya ibada na karatasi ya daftari. "Mchungaji, huu wimbo umenijia nikiwa naosha vyombo." Ulikuwa juu ya Hana akilia hekaluni. Nikamwambia, "Tutautazama, mama," nikaitia karatasi ndani ya Biblia. Mwalimu wa kwaya alikuwa na nyimbo zake tayari, kinanda kipya kilikuwa kimenunuliwa kwa harambee, na mimi nikasahau. Kuhani Eli alimdhania Hana amelewa, lakini alimsikiliza alipojieleza. Mimi sikumpa huyu mama hata dakika tano.

Katika kitabu cha Kutoka, Miriamu anashika tari na wanawake wanamfuata, kisha baadaye katika Hesabu anauliza kama Bwana amesema kwa Musa peke yake. Najua alivyoadhibiwa, na kosa lake lilikuwa kubwa. Ila nimewahi kuhubiri adhabu yake mara nne, na tari lake sijalihubiri hata mara moja.

Karatasi niliikuta palepale, kwenye Samweli wa Kwanza. Nilimpelekea mama yule sokoni nikamwomba radhi mbele ya wateja wake. Akacheka, akasema, "Baba Mchungaji, mbona nilishatunga mingine sita." Tumekubaliana aimbe ule wa Hana ibada ya kwanza, kwa mahadhi yake, kinanda kimezimwa. Mpiga kinanda bado sijamwambia.