Maziwa Yanaposhuka kwa Kasi

Mtoto hajafikisha mwezi. Ameshika titi, amemeza mara mbili tatu, mara anapaliwa. Anakohoa, anaachia chuchu uso umemwiva, huku maziwa yakiendelea kumrukia shavuni na puani. Mama, ambaye huyu ndiye mtoto wake wa kwanza, machozi yanamlengalenga. Mkunga wa jadi, bibi wa Tanga aliyekanda wazazi tangu ujana wake, hana haraka. Anamchukua mtoto, anamweka begani mpaka abeue, ndipo anapomgeukia mama: “Egemea nyuma, mwanangu. Yeye aje juu yako, usimwinamie.”

Ufundi wote umo katika dakika zinazofuata. Mito inapangwa mgongoni, mama anakuwa nusu amelala, na mtoto analazwa kifudifudi kifuani, kichwa kikiwa juu ya titi. Ananyonya kidogo. Mama anapohisi ule msisimko wa maziwa kushuka, mkunga anaingiza ncha ya kidole pembeni mwa mdomo wa mtoto, anamtoa taratibu na kukinga pindo la khanga. Maziwa yanaruka kwa vijito kadhaa kwa mpigo. Bibi hakamui, kwani titi likikamuliwa sana hutengeneza zaidi. Anaangalia tu: yanaruka, yanapungua, yanadondoka. Yakishaanza kudondoka ndipo mtoto anarudishwa, na safari hii anameza, anavuta pumzi, anameza tena. Hahamishwi upesi kwenda titi la pili. Maziwa ya mwanzo yana mafuta machache, na mtoto akishiba hayo tu huweza kujaa gesi na kupata choo cha kijani chenye povu.

Mtoto anyonyapo, ubongo wa mama huachilia homoni ya oksitosini, na misuli midogo inayozunguka vifuko vya maziwa hujikaza na kuyasukuma nje. Kwa baadhi ya akina mama msukumo huo ni mkali mno, hasa wiki za mwanzo, mwili unapokuwa bado haujajua mtoto anahitaji kiasi gani. Mwaka 2008 mkunga na mtafiti Suzanne Colson na wenzake walichapisha utafiti kuhusu mikao ya kunyonyesha, ukiwamo huo wa mama kuegemea nyuma. Bibi wa Tanga hakuusoma. Aliyajua hayo kwa kukaa karibu na waliomtangulia.

Shule yake ilikuwa arobaini. Mzazi alikaa ndani siku 40, akikandwa kwa maji moto na kunywa uji wa pilipili manga, na kila alipomweka mtoto titini palikuwa na jicho la mtu mzima. Si yote yaliyofanywa humo yalifaa. Zipo nyumba zilizomwaga dang’a, na zipo zilizowapa watoto maji mapema, ilhali Shirika la Afya Duniani linataka maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo. Makosa hayo yalistahili kukemewa. Jicho lile halikustahili kuondoka nayo.

Leo mama wa mjini hujifunza peke yake usiku wa manane, simu mkononi. Likizo ya uzazi kisheria nchini Tanzania ni siku 84, na nyingi kati ya hizo huzipitisha bila mama mzazi wala shangazi chumbani. Mtoto akigoma titini, jirani atasema ana mchango. Mwingine atanong’ona kuwa amebemendwa. Wa tatu ataleta kopo na chupa. Hakuna anayekaa kitandani kutazama maziwa yanavyotoka.

Bibi huyo ana mjukuu aliyejifungulia Dar es Salaam. Mtoto alipaliwa, akalia, akagoma, na mama yake akaaminishwa kuwa maziwa yake ni mabaya. Akamwachisha kabla ya mwezi wa tatu. Bibi alipopigiwa simu, titi lilikuwa limeshakauka.