Mti Dhaifu Ndani ya Kibao

Nyanda za juu za Kigoma zimezoea kupima ubao kwa uzito. Munanila, wilayani Buhigwe, iliyomegwa kutoka Kasulu mwaka 2012, anayeagiza kitanda hutaka mninga au mkurungu. Akiletewa mbao nyepesi huona ameibiwa. Kwa kitanda, ana haki. Kibao cha mpira wa meza kina hesabu nyingine.

Mpira wenyewe una gramu 2.7 tu. Kibao kizuri, kabla ya raba, huwa na gramu 80 hadi 90 hivi. Kichonge chote kwa mkurungu uone mkono utakavyochoka! Kwa hiyo katikati huwekwa mti mlaini. Viwanda vikubwa hutumia ayous wa Afrika Magharibi; huku kwetu wa kuukaribia kwa wepesi ni musizi wa Bukoba na Uganda, ambao seremala wa vitanda hautazami mara mbili.

Juu ya kiini hicho, kila upande, hulazwa tabaka jembamba la mgrivea, nyuzi zikikingamana na za musizi. Kisha nje, mninga, nyuzi zikifuata mpini. Kule kukingamana ndiko kunakozuia kibao kisipinde. Mninga umepewa nafasi ya nje kwa sababu ni mtulivu: ukikauka husinyaa kidogo mno.

Ila lazima ukauke kwanza, na mvua za huku huanza mwishoni mwa mwaka zikafika Mei. Fundi hupanga mbao kivulini, vijiti katikati ili upepo upite, halafu husubiri. Namheshimu zaidi kwa kusubiri huko kuliko kwa randa yake. Zikiwa tayari, huchungulia ncha ya ubao, huukataa wenye macho au nyuzi zilizosokotana, hushika kipande kwa vidole viwili na kukigonga, sikio karibu. Ng'ambo ya mpaka Warundi huchonga ngoma kwa mringaringa. Hiyo nayo ni kazi ya sikio.

Kupunguza ubao wa mninga hadi unene wa milimita moja kwa randa na msasa ni kazi ya kutoa jasho, na sehemu kubwa ya mti huishia kuwa maranda. Hakuna njia ya mkato.

Sheria za kimataifa za mchezo huu zinataka kibao kiwe bapa na kigumu, na angalau asilimia 85 ya unene wake iwe mbao asilia. Raba ndizo zinazohitaji idhini ya shirikisho la kimataifa la mchezo, kibao hakihitaji. Kilichorandwa Munanila kinaruhusiwa kwenye meza yoyote duniani.